Kioo Kinaposema "Sasa Hivi"



Leo nataka tuzungumze kuhusu maneno mawili ambayo kila mwenye simu huyapitia mara kadhaa kwa siku: "sasa hivi". Pamoja nayo wapo ndugu zake: "dakika 5 zilizopita", "saa 2 zilizopita", "jana". Hukaa chini ya picha, chini ya ujumbe, chini ya taarifa ya muamala, kwa herufi ndogo za kijivu. Mtu huyasoma kwa pembe ya jicho na kuyaamini papo hapo.

Nyuma ya maneno hayo kuna mistari michache ya programu, na mistari hiyo imeandikwa na mtu. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, lakini sehemu kubwa ya siku yangu huenda katika kusoma zilizoandikwa na wenzangu kabla hazijawafikia watumiaji. Tunauita ukaguzi wa msimbo. Mwenzako anakuletea alichoandika, unakisoma mstari kwa mstari, unauliza, mnasahihisha, ndipo kinaruhusiwa kutoka.

Majuzi dada mmoja tunayefanya naye kazi, bado kijana, aliniletea mistari kumi na minne. Programu yenyewe ni ya zahanati. Ndani ya friji la chanjo kinawekwa kifaa kidogo kinachopima joto na kutuma kipimo kila baada ya dakika kumi kwa mtandao wa simu. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Zikipata joto hupungua nguvu. Baadhi yake zikiganda ndiyo basi, zimeharibika. Na mara nyingi ukiishika ile chupa ndogo mkononi huwezi kujua kwa macho kwamba imeharibika. Kwa hiyo nesi anategemea kioo cha simu. Anafungua, anaona: nyuzi 4.6, sasa hivi. Anarudi kwenye foleni ya akina mama waliobeba watoto.

Namba ile ya 4.6 ilikuwa imeshakaguliwa na watu watatu kabla yangu. Niliyoletewa mimi ilikuwa hiyo "sasa hivi".

Mistari yenyewe, nikiisema kwa Kiswahili cha kawaida, ilikuwa hivi: chukua saa ya sasa, toa saa ya kipimo. Jibu likiwa chini ya dakika moja, andika "sasa hivi". Likiwa chini ya saa moja, andika ni dakika ngapi. Likiwa chini ya siku, andika ni saa ngapi. Likizidi hapo, andika siku. Ni mistari safi, inayosomeka, na wengi wetu tungeandika hivyo hivyo.

"Kaka, nimeijaribu, inafanya kazi," akaniambia.

Na ilikuwa kweli. Alitengeneza kipimo kwenye kompyuta yake mwenyewe, akakitazama, kikasema sasa hivi. Akatengeneza kingine cha saa moja nyuma, kikasema saa moja. Nikamuuliza: mdogo wangu, kipimo kikitokea mbele ya sasa, itaandika nini? Akanitazama kidogo. "Kitatokeaje mbele, kaka? Friji haliwezi kupima joto la kesho."

Tukakaa pamoja, tukavuta taarifa halisi zilizotumwa na kimojawapo cha vile vifaa. Kifaa kiliandika saa ya mahali kilipo, yaani saa za Afrika Mashariki, bila kutaja kwamba ni za Afrika Mashariki. Seva iliyopokea, kwa kuwa haikuambiwa lolote, ilichukulia kuwa ni saa za kimataifa, zile zinazofuata Greenwich. Na sisi tuko mbele ya saa hizo kwa saa tatu kamili, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala sawasawa.

Sasa nifuate polepole. Kifaa kinapima saa nne asubuhi. Kwa makosa yale, seva inaamini kipimo kimechukuliwa saa saba mchana. Ukitoa, unapata hasi dakika 180. Na hasi 180, msikilizaji, ni ndogo kuliko moja. Programu inaangalia sharti lake la kwanza, "je, ni chini ya dakika moja?", inaona ndiyo, inaandika "sasa hivi". Umeme ukikatika dakika tano baadaye, kifaa kikanyamaza, nesi akifungua simu saa tano ataona sasa hivi. Saa sita ataona sasa hivi. Saa sita na nusu, friji limekaa bila umeme zaidi ya saa mbili na chumba kinachemka, bado kioo kinamwambia: nyuzi 4.6, sasa hivi. Ni mpaka ipite saa saba ndipo programu inaanza kuhesabu, "dakika 1 iliyopita", kana kwamba kifaa ndiyo kwanza kimenyamaza.

Dada yule alinyamaza pia. Halafu akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya niombe nafasi ya kuzungumza nanyi leo. Akasema, "Kumbe mtu angekuwa London kosa lisingeonekana." Sawasawa kabisa. Mtu akiandika msimbo huu akiwa London wakati wa baridi, ambapo saa ya ukutani na ya Greenwich ni moja, angeujaribu majira yote ya baridi asione kosa. Kosa hili lina anwani, na anwani yake ni kwetu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalouliza ninapoletewa msimbo wa aina hii ni: hii ni saa ya nani? Maana tunasema "saa ya sasa" kana kwamba ipo moja. Kuna saa ya kifaa, kuna saa ya seva, kuna saa ya simu ya nesi, ambayo huenda mtoto aliichezea. Kifaa kikiishiwa betri ndogo inayolinda saa yake, kikiwaka tena mara nyingi huamini ni tarehe 1 Januari 1970, kwa sababu hapo ndipo kompyuta nyingi zinapoanzia kuhesabu sekunde. Ulishawahi kuona simu ikikuambia jambo limetokea zaidi ya miaka hamsini iliyopita? Basi ni hiyo. Mahali fulani paliandikwa sifuri, na sifuri ni usiku ule wa mwaka 1970. Kosa hilo halinitishi sana, kwa sababu kila aonaye anajua pana kasoro. Linalonitisha ni lile linalosema "sasa hivi" kwa utulivu.

Jambo la pili ni kwamba saa ya ukutani si chombo cha kupimia muda. Mtazame refa wa mpira. Kipindi cha kwanza kikianza anabonyeza saa yake ya mkononi, nayo inahesabu kutoka sifuri kwenda mbele. Mtu akiingia uwanjani akarekebisha saa kubwa ya ukutani kwa dakika kumi, mechi haifupiki. Kompyuta nazo zina saa ya namna hiyo, inayohesabu tangu zilipowashwa, isiyorudi nyuma hata ukiibadilisha tarehe. Lakini wengi wetu hatukufundishwa kuitumia. Tunasoma ukutani mara mbili na kutoa.

Waliolipa gharama ya hilo ni wengi, na mmoja wao alisimulia kwa uwazi ninaouheshimu. Kampuni ya Cloudflare, ambayo mawasiliano mengi ya intaneti hupitia kwenye mitambo yake, ilipata hitilafu katika mkesha wa mwaka mpya wa 2017. Usiku huo dunia iliongeza sekunde moja kwenye saa zake ili ziendane na mzunguko wa dunia wenyewe, jambo lililofanyika mara 27 tangu mwaka 1972. Programu yao ilikuwa ikipima seva nyingine inachukua muda gani kujibu: saa ya mwisho, toa saa ya mwanzo. Kwa ile sekunde ya nyongeza, saa ya mwisho ikaonekana kutangulia saa ya mwanzo. Jibu likawa hasi, likapelekwa kwenye hesabu isiyojua kupokea hasi, programu ikaanguka. Kwetu huku ilikuwa saa tisa usiku, watu wametoka kanisani na wengine bado wanapiga ngoma. Marekebisho yalikuwa ya alama moja tu: palipoandikwa "ikiwa ni sawa na sifuri" pakawa "ikiwa ni sifuri au chini yake". Alama moja. Mkaguzi angeweza kuiona kwa kuuliza swali lile lile nililomuuliza dada yule.

Lakini lipo tukio jingine la kupima muda ambalo mimi sijawahi kulisoma nikabaki na moyo mwepesi.

Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraq lilipiga kambi ya askari wa Marekani mjini Dhahran, Saudi Arabia. Askari 28 walikufa. Karibu na hapo palikuwa na mtambo wa Patriot uliowekwa kwa kazi hiyo hasa, ya kuyadungua makombora kama hilo. Haukufyatua. Ulikuwa umewashwa mfululizo kwa zaidi ya saa 100.

Kompyuta ya mtambo ule ilihesabu muda tangu kuwashwa kwake, si kwa sekunde nzima bali kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Ili kupata sekunde, ilizidisha hesabu hiyo kwa moja ya kumi. Kwetu moja ya kumi ni namba rahisi. Kwa kompyuta, inayohesabu kwa sifuri na moja peke yake, moja ya kumi haina mwisho, kama vile kwetu moja ya tatu inavyokwenda tatu, tatu, tatu bila kukoma. Nafasi ilikuwa ya tarakimu 24 tu, kwa hiyo mkia ukakatwa. Kilichokatwa ni kidogo mno, chini ya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Ila kwa saa 100 kinajirudia mara 3,600,000. Ukijumlisha unapata theluthi moja ya sekunde. Kwa muda huo mdogo, Scud huwa limeshasafiri zaidi ya nusu kilometa. Mtambo ukatazama kipande cha anga ambapo hesabu yake ilisema kombora lingekuwepo, haukuona kitu, ukaona ni kosa la rada, ukaacha.

Kosa lilikuwa linajulikana. Wiki mbili kabla, tarehe 11 Februari, Waisraeli walishatoa taarifa kwamba mtambo ukikaa saa nane tu, lengo linaanza kuhama. Tarehe 21 ofisi iliyosimamia mradi ilituma ujumbe kwa watumiaji kwamba mtambo ukiwashwa "kwa muda mrefu sana" kutakuwa na tatizo. Muda mrefu sana ni saa ngapi? Ujumbe haukusema, kwa sababu walioutuma hawakudhani kuna anayeuacha umewashwa siku nyingi. Kuuzima na kuuwasha tu kungerudisha hesabu kwenye sifuri. Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya shambulio.

Na kuna kipande kimoja ambacho kinanikaa kooni mimi kama mkaguzi. Njia bora ya kugeuza hesabu ile ilikuwa imeshaandikwa, ikaingizwa katika baadhi ya sehemu za programu, si zote. Kama sehemu zote zingekuwa na kosa lile lile, mtambo ukitoa muda mmoja kutoka mwingine, makosa yangefutana kwa kiasi kikubwa. Ni kule kusahihisha nusu ndiko kulikoacha tofauti. Ndiyo maana mtu akiniletea mstari mmoja uliorekebishwa, namwomba tutafute mistari mingine yote inayouliza saa katika programu nzima. Wengine huona ninawachelewesha. Nawaomba wavumilie.

Turudi kwenye zahanati yetu, maana bado sijagusa lugha, na lugha ndiko anakosimama nesi.

Programu nyingi hutengenezwa kwanza kwa Kiingereza, ambako ukitaka wingi unaongeza herufi moja mwishoni mwa neno. Mwandishi anaunganisha namba, neno, na "zilizopita", anadhani amemaliza. Kwa Kiswahili inatoka "mwaka 1 zilizopita", "miezi 2 zilizopita". Mtoto wa darasa la pili hasemi hivyo. Dakika moja iliyopita, dakika mbili zilizopita. Mwezi mmoja uliopita, miezi miwili iliyopita. Hubadilika jina, na kitendo hufuata. Inayouma ni kwamba kazi hii imeshafanywa: shirika la Unicode linahifadhi jedwali la lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, lenye umoja wake na wingi wake, lina jana na hata juzi. Vivinjari vya simu vinalibeba ndani tayari. Kinachotakiwa ni kuliita tu.

Juzi yenyewe si ya kuchezea. Kifaa kimetoa onyo Jumatatu saa tano usiku. Nesi anafika kazini Jumatano saa moja asubuhi. Zimepita saa 32. Programu inagawanya kwa 24, inapata moja na kitu, inatupa kitu, inaandika "jana". Muulize yeyote hapa mjini: Jumatatu usiku, ukiwa Jumatano asubuhi, ni jana? Ni juzi. Jana ni jambo la kuvuka usiku, si la kutimiza saa 24, na asiyelijua hilo atampeleka nesi kwenye daftari la siku isiyo yake.

Halafu kuna "saa" yenyewe. Neno hili kwetu lina kazi mbili: ni wakati, na ni muda. Kioo kikisema "onyo: saa 2", nesi aelewe nini? Kwamba onyo lilitoka saa mbili asubuhi, au kwamba zimepita saa mbili? Na kama ni wakati, ni saa mbili yetu, au ile ambayo kompyuta inaiandika mbili na sisi tunaiita saa nane? Wapo wanaosema "masaa mawili" wakimaanisha muda, ili kuutenganisha na wakati, na walimu wa lugha huwakemea. Kwenye maandishi ya programu mimi nafuata walimu, lakini naikubali haja iliyowasukuma wale wasemaji. Haja ni ya kweli. Kwa hiyo kwenye jambo linalogusa afya ya mtu nashauri viandikwe vyote viwili: wakati, pamoja na asubuhi au mchana au usiku wake, na muda uliopita.

Lilibaki moja, na hili aliligundua dada mwenyewe siku ya pili, mimi sikuliona. Maneno yale yalikuwa yanahesabiwa mara moja tu, ukurasa unapofunguliwa. Nesi akiacha simu mezani ikiwa wazi, "dakika 2 zilizopita" inabaki dakika mbili mpaka jioni. Wakati unakwenda, maandishi yamekaa. Alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi kunieleza, sauti yake imejaa furaha na hofu kwa pamoja.

Tulikaa na mistari ile siku tatu. Kifaa sasa hakitumi tena tarehe peke yake. Kinatuma pia umri wa kipimo, kwa ile saa isiyorudi nyuma: nimekipima sekunde kadhaa kabla ya kutuma. Seva inaweka saa yake yenyewe pale inapopokea. Kipimo kikionekana kimetoka mbele ya sasa, programu haiandiki sasa hivi, inaandika kwamba saa ya kifaa ina hitilafu. Maneno yanahesabiwa upya kila nusu dakika. Na kipimo kikivuka dakika 30 bila kufuatwa na kingine, namba ya joto inaondoka kabisa kwenye kioo, maana namba iliyozeeka ikiachwa kwa herufi kubwa mtu ataisoma hiyo na kuacha maelezo yaliyo chini yake.

Mistari kumi na minne imekuwa sitini na kitu. Juma lililopita tulikwenda zahanati moja kuitazama ikifanya kazi. Tukachomoa waya wa kifaa makusudi, tukakaa kwenye benchi na akina mama, tukasubiri. Nesi alitoka chumba cha sindano, akaitupia macho simu yake iliyokuwa juu ya meza. Kioo kiliandika: "Kifaa kimenyamaza. Kipimo cha mwisho leo saa 4:10 asubuhi, dakika 34 zilizopita." Hakutuuliza kitu. Aliweka kalamu, akaenda moja kwa moja kwenye friji, akafungua na kusoma kipimajoto kinachoning'inia ndani.